Asali kwa Mpima Damu

Wapendwa, msifuni Bwana pamoja nami, kisha mnivumilie, kwa kuwa naanza na dhambi niliyoikana miaka mingi: nilimwita mume wangu mzinzi, tena nikasema amemhonga mpima damu kwa asali.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, hapa Mpanda. Nilifundisha baiolojia, na chuo kikuu nilikitaja hata kwa wasioniuliza. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na mguu mmoja ulivimba kwa damu iliyoganda. Hospitali wakanipima damu. Jibu likaja: kaswende.

Ndugu zangu, mimi nilijijua. Basi mkosaji alikuwa Gervasi, mume wangu, mnunuzi wa asali, aliyelala Inyonga kila mwezi. Naye akapimwa, akaonekana safi. Mtu mwenye akili angeshangaa kidogo. Mwenye shahada aliuliza ni madumu mangapi ya asali yaliyopelekwa maabara.

Nikafunga mizigo nirudi kwetu Mamba. Gervasi hakubishana. Alikalia sanduku langu, akasema, "Mwalimu, daktari amepeleka damu yako Dar ikapimwe kwa njia nyingine. Ngoja majibu. Yakiwa mabaya, sanduku nitakubebea mwenyewe hadi kwenye basi."

Nikangoja, tena kwa kiburi, nikiomba Mungu amfichue mwongo. Ndugu zangu, Mungu husikia. Alimfichua, na alikuwa mimi. Jina lake lihimidiwe! Sanduku lile liko chini ya kitanda chetu hadi leo, tunawekea mablanketi. Wewe unayemshuku mtu wako, na una hakika kama niliyokuwa nayo mimi, mwachie Bwana nafasi ya kupima mara ya pili.

Asubuhi moja tuliitwa posta, simu kutoka Dar. Laini ilikuwa mbovu, na daktari wa huko alipaza sauti hata waliopanga foleni ya stempu wakasikia.

"Kaswende huna, wala hukuwahi kuwa nayo. Mwili wako unatengeneza kingamwili zinazofanya damu igande ovyo. Hizo hizo ndizo zilizokidanganya kipimo cha kwanza."

Kingamwili! Nilizifundisha kila mwaka. Nikampa Gervasi simu. Akasikiliza yote tangu mwanzo, akanitazama, kisha akamuuliza daktari kwa upole:

"Sasa mzee, tukutumie madumu mangapi?"