Mbio ya Kumi na Tano ya Avis Plowright

Wapendwa wafiwa, majirani, wenzake wa jikoni shuleni, na nyinyi mliokuja na skafu za Korongo juu ya suti nyeusi, kwa niaba ya familia nawashukuru kwa kufika leo Ijumaa tarehe 7 Machi 2025. Naitwa Clive Uttridge, mdogo wake marehemu na ndugu yake wa pekee, nimestaafu kazi ya kugawa barua, mimi si msemaji, na kusoma hapa sikujipendekeza, bali niliteuliwa naye mwenyewe kwa penseli, nyuma ya kijitabu cha ratiba, akaongeza kwamba nisitie chumvi. Ukumbi tumepewa dakika arobaini na kuna familia nyingine inasubiri nje, kwa hiyo nitajitahidi.

Avis Rosemary alizaliwa tarehe 9 Novemba 1949 hapa Holmsey, mtoto wa kwanza wa marehemu Wilfred Uttridge, fundi wa pampu za mifereji, na marehemu Edna. Alianza shule ya msingi mwaka 1954 na kumaliza sekondari Julai 1965, na mwalimu wake wa hesabu alikuja nyumbani mara mbili kumwomba baba amwache aendelee, kwa sababu alikuwa anajumlisha kichwani haraka kuliko mwalimu mwenyewe, lakini hesabu hizo hakuzipata shuleni, alizipata uwanjani.

Alhamisi tarehe 4 Mei 1961 baba alitupeleka wote wawili kutazama Korongo wa Holmsey, timu yetu ya mbio za pikipiki, yeye akiwa na miaka kumi na moja na mimi sita, injini zilipowashwa nikajificha ndani ya koti la baba nikalia, ikabidi nitolewe nje ninunuliwe chipsi, na Avis alipoambiwa atoke na sisi akajibu, "Mwende tu, mimi nina kazi," maana mzee mmoja aliyekaa karibu alikuwa amemkatia nusu ya penseli yake. Tangu siku hiyo sisi wawili tulijulikana, mmoja wa kelele, mmoja wa kuziba masikio.

Kwa majirani ambao hamjawahi kuingia pale, na najua mpo, mchezo wenyewe ni pikipiki nne zisizo na breki, mizunguko minne, kona zote za kushoto, dakika moja na kidogo imekwisha, changarawe nyekundu imeingia kwenye chai yako, unasubiri watu wa reki wasawazishe njia, halafu zinakuja nne nyingine, hivyo hivyo mara kumi na tano, na kila mwenye akili zake ana kijitabu mapajani anaandika nani wa kwanza, nani wa pili, nani kaanguka. Avis alikuwa na sheria moja juu ya kijitabu, kwamba usichokiona kwa macho yako huandiki, hata kama uwanja mzima umekutajia mshindi, na akiwa kwenye foleni ya choo mbio ikampita, mstari ule aliuacha mtupu maisha yake yote.

Alifanya kazi kiwanda cha kusindika njegere kuanzia Agosti 1965 hadi 1977, na jikoni katika shule ya msingi ya hapa kuanzia Septemba 1984 hadi alipostaafu Julai 2010. Alifunga ndoa na Desmond Plowright, dereva wa malori, Jumamosi tarehe 27 Oktoba 1973, mwezi Oktoba kwa sababu msimu ulikuwa umefungwa, na huyu Desmond alimpata kwenye kona ya tatu, alipomwomba amwazime penseli akaambiwa, "Kaka, mtu anakuja hapa bila penseli, anakuja kufanya nini?" Walijaliwa mtoto mmoja, Lorna, ambaye yupo mbele hapa, aliyezaliwa Alhamisi tarehe 14 Julai 1977 saa moja na nusu jioni, na Avis alipoona Desmond anazunguka wodini hana la kufanya, alimfukuza aende uwanjani akamwandikie, kwa hiyo katika maboksi yote ya vijitabu kipo kimoja tu chenye mwandiko wa Desmond, kina makosa saba, Avis aliyasahihisha kwa wino mwekundu, lakini juu kabisa, palipoandikwa hali ya hewa, Desmond aliandika "binti," na hapo hakusahihisha kitu.

Ukiondoa Lorna, alilea na wa watu. Kati ya 1986 na 1991 alimpangisha chumba cha nyuma Jesper Lauge, mwendeshaji wa Korongo kutoka Denmark, aliyekuja akiwa na miaka ishirini, begi moja na Kiingereza cha maneno kumi, Avis akamwambia, "Kuanguka utaanguka, mwanangu, ila hilo tope usiniletee kwenye zulia," na Jesper akaanguka mara nyingi, na kila mara alivua nguo mlangoni akaingia kula na taulo kiunoni. Sasa ana miaka hamsini na tisa, amekuja na meli na gari lake juzi, na mpaka leo anamwita mama.

Ameniagiza niseme na maoni yake kuhusu mchezo ulipofikia, maana alisema asiposemewa pale watafikiri amekufa ameridhika. Hakuridhika. Kwa miaka arobaini aliandikia gazeti la mchezo barua karibu kila mwezi, zikachapwa hamsini na tatu, na ujumbe wake ulikuwa kwamba mchezo wetu haufi kifo chake, unauawa na vikao, kwa sababu kila majira ya baridi wakubwa wanakaa hotelini kubadilisha sheria ambazo watu ndio kwanza wamezielewa, kwa sababu mwendeshaji mmoja anavaa jezi ya timu mbili katika wiki moja ("Jumatatu nimzomee, Alhamisi nimshangilie, nina nyuso ngapi mimi?"), kwa sababu timu ikipungukiwa na mtu inaazima wa timu pinzani ukashinda kwa mguu wa jirani, kwa sababu wanaahirisha mbio saa kumi jioni kwa wingu, na saa kumi na mbili jua hilo, kwa sababu walio bora wanakwenda Poland kwenye viwanja vilivyojaa na hakuna wa kuwalaumu, na kwa sababu huku kwetu viwanja vinauzwa vijengwe nyumba. Mwaka jana alisimama kwenye mkutano wa mashabiki akasema, "Nikitazama huku nyuma naona mvi tupu, nauliza watoto wako wapi, mnaniambia habari za pointi," akakaa, na watu hawakujua wapige makofi au walie. Lakini mkumbuke kwamba mtu aliyeyasema hayo alikuwa getini kila Alhamisi saa kumi na moja na nusu kabla geti halijafunguliwa, na ule moshi wa injini wenye harufu ya mafuta ya nyonyo ulipompitia alifumba macho kama mtu anayenusa mkate wa kwao.

Hapa nafika mahali pangu. Mwaka 2016 zilijengwa nyumba sitini nyuma ya kona ya tatu, na mimi na marehemu mke wangu Pauline tulinunua moja, na Avis akafurahi kuliko sisi, akasema sasa ana pa kuegesha gari na pa kunywea chai kabla ya mbio. Jumapili moja ya Machi 2017 jirani yetu aligonga mlango akiwa na karatasi ya malalamiko ya kelele iendayo halmashauri, mvua ilikuwa inamnyeshea, na mimi niliyegonga milango ya watu miaka thelathini na sita sikuwa na moyo wa kumfungia mtu mlango wangu, nikachukua kalamu, nikatia sahihi, nikamshukuru, nikamkaribisha chai. Nilikuwa namba arobaini na moja. Jirani huyo yupo hapa leo, ameleta maua, ni mtu mwema, na kosa si lake. Halmashauri ikaamua kwamba injini zote uwanjani Holmsey zizimwe ifikapo saa tatu na nusu usiku, hata kama mbio hazijaisha.

Sikumwambia Avis. Kila Alhamisi alikuja, akaegesha, akakaa kiti cha dirishani, akachovya biskuti, na kila Alhamisi aliniuliza, "Clive, kelele haziwasumbui huku?" nami nikajibu, "Wala," naye akasema, "Haya," akachukua biskuti nyingine. Miaka saba na kitu. Nilidhani anauliza habari za kelele.

Alhamisi tarehe 29 Agosti 2019 alimleta Desmond kwa kiti cha magurudumu, blanketi mapajani, mapafu yamekwisha, daktari alikuwa amekataa na Avis alikuwa amemkatalia daktari. Kwenye mbio ya nane kijana mmoja wa wageni alivunjika mguu, gari la wagonjwa likampeleka hospitali, na bila gari la wagonjwa uwanjani hapakimbiwi, wakasubiri mpaka lirudi, na mbio ya kumi na nne ilipokwisha Korongo walikuwa na pointi arobaini na mbili na wageni arobaini na mbili, wanne wa mwisho wakaja kwenye utepe wa kuanzia, injini zinanguruma, Desmond amejiinua kwenye kiti kwa mikono yake mwenyewe, na saa ikafika tatu na nusu. Zikazimwa. Watu walizomea, Desmond hakuzomea, alimgeukia mkewe akamwambia, "Usijali, mpenzi, tutaimalizia wiki ijayo." Hakurudi tena uwanjani, alifariki tarehe 3 Novemba mwaka ule, na mimi nilibeba jeneza lake upande wa kushoto, mbele, nikiwa na sahihi yangu kifuani, na sikusema.

Avis alianza kusumbuliwa na moyo Mei 2022, akalazwa mara tatu, na kila mara aliuliza kwanza kama atatoka kabla ya Alhamisi. Msimu wa mwaka jana alihudhuria mbio zote za nyumbani isipokuwa mbili. Alizidiwa tarehe 11 Februari, na Jumatano tarehe 19 Februari 2025, saa kumi na mbili asubuhi, mikononi mwa Lorna, alitutoka, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, amemwacha mtoto wake Lorna, amemwacha Jesper, na mimi.

Siku mbili baadaye Lorna aliniita tupange vijitabu, maboksi ishirini na mawili ya viatu, na tulipokuta cha tarehe 29 Agosti 2019 kilikuwa kinene kuliko vingine, ndani yake imekunjwa nakala ya ile orodha ya halmashauri, ambayo kumbe ilikuwa wazi kwa mtu yeyote kuisoma tangu Aprili 2017, na namba arobaini na moja imepigiwa mstari kwa penseli, na pembeni, kwa mwandiko wake mdogo ule, ameandika tarehe ya Aprili ile ile na maneno haya, "Hajui kumkatalia mtu mlangoni. Nitamuuliza Alhamisi."

Alijua. Alijua kabla ya Desmond kuugua, alijua usiku ule injini zilipozimwa, alijua pale makaburini aliponishika mkono, na aliendelea kuja kunywa chai na kuniuliza, na dada yangu hakuuliza habari za kelele hata siku moja. Nakuomba msamaha, dada, hapa mbele ya watu wako, kwa sababu nilikuwa na Alhamisi nyingi za kukuomba ukiwa umekaa dirishani kwangu, na nilizipoteza zote.

Jumatatu tarehe 24 Februari nilipeleka halmashauri kwa mkono wangu barua ya kufuta sahihi yangu, na Jumanne tarehe 18 mwezi huu watakaa kuamua kama saa hiyo ibaki au iondolewe, nami nitakwenda kusema haya niliyoyasema hapa, na jirani yangu ameniambia asubuhi hii kwamba atapanda gari langu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa aliyewafundisha kanuni za mchezo kwa nguvu, majirani wa Mtaa wa Sluice waliomletea supu, wenzake wa jikoni, watu wa reki wanaokuja bure kila Alhamisi na ambao amewaagiza wayachanganye majivu yake na changarawe ya kona ya tatu, karibu na ukuta, aliposimama Desmond bila penseli. Chai na sandwichi za yai zipo kwenye banda la mashabiki.

Limebaki jambo moja, nalisoma kama lilivyoandikwa: "Akitaka kusema lile la mlangoni aseme, asipotaka msimbane, mpeni chai. Dakika ya kimya sitaki, nimenyamaza vya kutosha. Jesper awashe pikipiki, dakika moja na kidogo, na wa kushusha mkono ili aanze awe Clive."

Jesper yuko nje na pikipiki yake ya mwaka 1989, milango nimeomba iachwe wazi, na wenyeji wa ukumbi wamekubali. Kijitabu cha tarehe 29 Agosti ninacho hapa, mstari wa kumi na tano ni mtupu, na penseli ni ile nusu aliyokatiwa mwaka 1961. Mshindi sitaandika, sheria yake naijua, nitaandika tu kwamba imekimbiwa, kwa kuwa hilo nitakuwa nimelisikia kwa masikio yangu, na safari hii sitayaziba.

Mwende mkaimalizie, wewe na Desmond. Pumzika kwa kelele kwanza, dada yangu, dakika moja na kidogo, halafu upumzike kwa amani.

Jesper, tazama mkono wangu.