Dedan Wamae na Gurudumu la Ngendo

Ndugu na majirani mliofika hapa Karatina, familia inawashukuru, na inaomba atakayesikia la kuchekesha acheke, maana mwenyewe ndivyo alivyoagiza.

Marehemu Dedan Wamae alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Mathira, akasoma shule ya msingi hadi darasa la saba mwaka 1973, kisha akaenda mjini Nyeri kujifunza ufundi wa baiskeli kwa Mzee Ndungu, aliyemzoeza kugonga spoki kwa ukucha na kusikiliza inavyolia.

Mwaka 1983 alifungua karakana karibu na soko, na hapo vita vikaanza, kwani kila mteja alimsihi azilegeze spoki eti zipumue, naye Wamae, ambaye hakuwa mtu wa maneno laini, alichukua waya, akaukunja na kuukunjua mbele yao hadi ukakatika, akawaambia spoki iliyolegea hufanyiwa hivyo hivyo kila gurudumu linapozunguka, kwa hiyo hangebadilisha moja iliyokatika na kuacha nyingine zimechoka, bali alizifumua zote, akazisuka upya, akazikaza sawasawa, akizibana mbili mbili kwa viganja hadi zitulie.

Aprili 1987 alikuja Ngendo, muuza ndizi wa Mukurweini, ambaye gurudumu lake la nyuma lilikata spoki kila wiki, na Wamae akalisuka kwa siku mbili nzima, kazi ya saa chache tu, akaagana naye kwa fahari, na jioni hiyo, lo, akagutuka kwamba ameifanya vizuri mno na binti huyo hana tena sababu ya kurudi. Miezi mitatu aliitazama barabara akiilaani mikono yake, hadi Jumamosi moja ya soko, siku ambayo hakuwahi kufunga, alipofunga karakana akanyonga baiskeli hadi Mukurweini, akadai amekuja kukagua gurudumu, na Ngendo akamjibu, "Gurudumu iko sawa. Na wewe je?"

Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa Wangui, Mburu na Nyawira, ambaye ndiye fundi wa karakana leo.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2023, akalazwa hospitalini Nyeri, na hata kitandani aliagiza Nyawira amletee magurudumu ayasikilize, hadi alipotutoka tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia mlio huo, majirani, na mafundi wenzake kutoka hapa hadi Timau.

Mama Ngendo ameomba tuongeze jambo aliloliungama asubuhi ya leo, ambalo kwa miaka thelathini na saba alimficha mumewe asije akavimba kichwa, kwamba miezi ile mitatu yeye naye aliligongesha gurudumu hilo kwenye kila jiwe la Mukurweini, akitafuta walau spoki moja ivunjike apate kisingizio cha kurudi Karatina, likakataa katakata. Gurudumu hilo hilo ndilo lililobeba shada la maua la Baba leo.

Sasa umejua, Baba. Pumzika kwa amani, na uiache mikono yako ipumzike pia, haikuwa na kosa.