Mzee Muharami, Aliyeirudisha Ripoti ya Miono

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi, Mzee Muharami Kibwana anakabidhi funguo za kabati la fomu na kustaafu ukuu wa Kitengo cha Tathmini katika shirika letu la malezi hapa Bagamoyo. Tunaobaki tumeshaanza kugombania kiti chake, maana ndicho pekee kisichoyumba.

Mzee ni mzaliwa wa Makurunge. Alianza kazi akiwa mwezeshaji wa vikao vya wazazi, vile vya wiki saba ambavyo baba, mama na bibi hufundishwa namna ya kuwakinga vijana wao na bangi, sigara na pombe. Mwaka wa tatu akahamishiwa kwenye tathmini, yaani kwenda kuuliza kama vikao hivyo vimesaidia kitu. Wengi wetu huikwepa kazi hiyo. Yeye aliipenda kupita kiasi.

Hakuwahi kuliamini daftari la mahudhurio. Akifika kikaoni husimama kwanza mlangoni, akahesabu viatu vilivyovuliwa, akagawa kwa mbili, ndipo akaingia kusalimia. Siku moja, huko huko kwao Makurunge, alizama katika hesabu yake hadi akaondoka na kandambili mbili za mguu wa kushoto, moja ya kijani. Mwenye ile ya kijani alimfuata mpaka ofisini, na Mzee akaitumia nafasi hiyo kumhoji habari za wanawe kwa saa nzima.

Lakini jambo litakalotufanya tumtaje miaka mingi ni la Miono, mwaka 2014. Wazazi arobaini walimaliza vikao. Walipoulizwa kama nyumbani wanaongea na watoto wao kuhusu bangi, wote arobaini walisema ndiyo. Ripoti ikaandikwa, ofisi ikashangilia, wakubwa wakaamua mpango upelekwe kata zote vile vile ulivyo. Mzee naye alifurahi, na haoni haya kusema hivyo.

Wiki mbili baadaye alirudi Miono kugawa vyeti, akampitia Bi Chausiku, aliyekuwa akimlea mjukuu wake Dadi, wa miaka kumi na mitano. Baada ya shikamoo na habari za wote nyumbani, akamuuliza, mazungumzo tu, huwa anamwambia nini Dadi. Bi Chausiku akacheka. Hakuwa amemwambia neno, na wiki hiyo hiyo alikuwa amekuta msokoto wa bangi kwenye mfuko wa shati la kijana. Mzee akamkumbusha alivyojibu kwenye fomu.

"Mwanangu," bibi akamwambia, "umetoka Bagamoyo na jua lote lile, umetuandalia chai na maandazi. Mgeni kama huyo anaambiwa hapana usoni?"

Alasiri ile Mzee alipita nyumba kumi na mbili, na karibu zote zilimjibu hivyo hivyo, kwa upole ule ule. Kesho yake akaingia kwenye kikao cha wakubwa na kuomba ripoti yake irudishwe. Mimi nilikuwapo, mgeni kazini, nikaona aibu kwa niaba yake. Akaambiwa kwamba mpango wenyewe unaweza kufutwa, na sisi sote na kazi zetu.

"Hizi ni adabu za watu wa Miono, si matokeo ya kazi yetu," alisema. "Tukizipokea hivi, wale vijana tutakuwa tumewaacha peke yao."

Mpango haukufutwa, ila ulisimama mwaka mzima, na wapo walionuna hata salamu yake wakaiitikia nusu nusu. Yeye akaanza upya. Chai ikahamishiwa mwisho, baada ya fomu. Wazazi wa Makurunge wakaenda kuwahoji wenzao wa Miono, wakiwauliza mara ya mwisho walipoongea na watoto walianzaje, na vijana wakaulizwa kando. Kati ya arobaini, kumi na mmoja tu ndio waliokuwa na la kusimulia. Mzee aliwafurahia hao kumi na mmoja kama sikukuu ya Idi. Hapo ndipo tulipojua kwamba hotuba hazitoshi, na vikao vikawa vya mazoezi ya kuongea. Bi Chausiku aliigiza kijana jeuri mpaka mzazi mwenzake akataka kumchapa.

Wiki iliyopita kamati ya sherehe ilitugawia fomu ya kumpima Mzee mwenyewe. Wote thelathini tukajaza "vizuri sana". Akaziomba, akazipitia moja moja, kisha akaandika juu kwa kalamu nyekundu: chai ilitangulia, irudiwe.

Tumerudia. Safari hii tulimpigia simu Dadi, ambaye sasa analima ufuta na ana binti yake. Alisema bibi alipomwendea mara ya kwanza alianza vibaya, akaongelea kuku kwanza. Dadi hakuacha bangi siku hiyo, wala mwaka huo.

"Lakini tangu siku ile sikuwa peke yangu tena," alisema. "Mwaka wa pili nikaiacha."

Jibu hilo Mzee hajaonyeshwa. Atalisikia leo pamoja nanyi.

Mzee Muharami, ahsante kwa kutufundisha kuuliza. Nenda kapumzike Makurunge na Bi Sophia wako, Mungu akujalie afya na umri mrefu, na kandambili zako ziwe za kulia na kushoto. Tunakupenda sana, na hili liamini, kwa sababu limeandikwa asubuhi, birika likiwa bado halijainjikwa.