Mzee Kidole na Kifaa cha Watoto Wachanga

Marehemu, ambaye nusu ya mliosimama hapa mlimfahamu kwa jina la Mzee Kidole, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne kati ya sita. Baba yake alikuwa fundi wa taa za ishara, mama yake alishona sare za shule. Dada yake mkubwa, ambaye tuko naye hapa, anakumbuka kwamba marehemu akiwa na miaka saba aliifungua redio ya nyumbani, akaifunga tena, na mkononi akabaki na skrubu mbili. Baba alipomuuliza ni za nini, alijibu, "Hizo za akiba, baba." Redio iliendelea kuimba, kwa hiyo hakuchapwa.

Alisoma shule ya msingi palepale karibu na stesheni kuanzia 1965, akamaliza sekondari mwaka 1976, na mwaka uliofuata akajiunga na chuo cha ufundi, alikopata stashahada ya elektroniki mwaka 1980. Hakuwa wa kwanza darasani. Mwenyewe alisema alikuwa wa kwanza kufika karakana na wa mwisho kufukuzwa.

Mwaka huohuo aliajiriwa hospitalini, kitengo cha matengenezo. Chumba chao kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, kimejaa mashine za msaada zilizokufa kwa kukosa kipuri kidogo tu. Kwa miaka ishirini na minne alifufua zilizofufuka na kuandika barua za kuomba vipuri. Tusidanganyane, hata leo: nyingi ya barua hizo hazikujibiwa.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati, mama yetu aliyeketi hapa mbele. Walijaliwa watoto watatu. Wa pili, wa kiume, alifariki mwaka 1990 kabla hajamaliza wiki moja. Pumzi zilikuwa zinapungua na hakuna aliyejua. Wodini hapakuwa na kifaa cha kupima hewa kwenye damu. Hospitalini kilikuwepo kimoja, tena kizima, lakini kwa kuwa kilikuwa ghali kilifungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa mkutanoni. Marehemu alikuwa mfanyakazi wa hospitali hiyohiyo. Hakupiga kelele. Alirudi chini ya ngazi akaendelea na kazi, na tangu siku hiyo alitaka jambo moja: kifaa kinachosema kweli kuhusu mtoto mchanga, na cha bei ambayo hakuna mtu atakayeona haja ya kukifungia.

Alipoacha ajira mwaka 2004 alifungua karakana nyuma ya duka la vifaa vya shule, pamoja na mafundi wawili wa rika lake waliotoka naye chini ya ngazi. Mchana walitengeneza feni na mizani ili wale. Jioni walifanya utafiti. Wakaomba ruzuku ya utafiti ya biashara ndogo, wakakataliwa, wakaomba tena. Mwaka 2016 walipata ya awamu ya kwanza, na baada ya miaka mitatu kifaa kilikuwepo: kibanio kidogo kinachopitisha mwanga kwenye kidole au mguu, kisha kinasoma damu ina hewa kiasi gani. Karakanani kilisoma sawasawa kila siku. Ilibaki kukipeleka wodi ya watoto wachanga, wakaguzi wa ruzuku watie saini, na ruzuku ya awamu ya pili ifuate.

Siku ya jaribio hilo, Mei 2019, muuguzi wa wodi alikibana kwenye mguu wa mtoto, akatazama namba, kisha akamtazama mtoto.

"Mzee, kifaa chako kinasema huyu mzima kabisa. Hebu mwangalie midomo."

Midomo ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya bluu. Mtoto aliwekewa hewa mara moja na akapona, tunamshukuru Mungu. Lakini mmoja wa wakaguzi, mtu mwenye huruma zake, alimvuta marehemu pembeni. "Imebaki saini moja, mzee wangu. Andika tu kwamba mtoto alikuwa anachezesha mguu."

"Mtoto alitulia tuli," marehemu alisema. "Aliyesema uongo ni kifaa changu."

Aliiandika ripoti ya kushindwa kwa mkono wake. Awamu ya pili ikapewa wengine. Wapo ndugu waliomwita mjinga, na baadhi yao wako hapa; hatuwataji, wanajijua.

Kwa wiki kadhaa mafundi wale watatu walifungua kila waya wakitafuta kosa. Aliyelipata ni mkewe, siku alipowapelekea chai.

"Mwanga mliupima kwa vidole vya nani?"

"Vyetu. Vya nani tena?"

Akamshika mumewe mkono, akasugua ncha ya kidole. "Hiki nacho ni kidole? Hili ni gome la mti."

"Mwalimu, umelishika gome hili miaka zaidi ya thelathini, hukulalamika."

"Nilikuwa nimevumilia."

Walicheka, kisha kila mmoja akavitazama vidole vyake. Vidole vya watu walioshika chuma cha kulehemu tangu ujana vimekuwa sugu, na wao walikuwa wameongeza mwanga hadi ukapenya ngozi ile. Kwenye mguu mwembamba wa mtoto mchanga mwanga huo ulizidi, ukavuja pembeni, namba ikapotoka. Miaka mitatu walikuwa wametengeneza kifaa kinachowafaa wao watatu.

Hapo ndipo lilipozaliwa jina. Kila aliyekanyaga karakana, awe mteja, mlinzi, bibi harusi aliyekuja kuchukua kadi duka la mbele, aliombwa, "Nikopeshe kidole." Marehemu alianza upya akiwa na miaka sitini na moja, bila ruzuku, kwa fedha za feni na mizani. Alichoka. Tunaomnadi leo kama shujaa asiyechoka hatukuwa tukiona anavyokaa kitandani na viatu mguuni, akishindwa hata kuvivua. Mwaka 2023 akapata kibali cha kurudia majaribio wodini, na namba zikaanza kukubaliana na zile za mashine kubwa.

Mwishoni mwa mwaka huo moyo wake ulianza kushindwa kazi. Alilazwa mara tatu. Mara ya mwisho wodi ya wanaume ilikuwa na kipimo kimoja cha hewa kwa vitanda vyote, na zamu yake haikuwa imefika. Kitindamimba wake alikuwa pembeni.

"Baba, cha kwetu kiko ndani ya begi. Nikibane?"

"Kimeidhinishwa?"

"Bado, lakini baba—"

"Basi kikae kwenye begi. Nimeshakisikia kikidanganya mara moja. Mpaka waseme wao, si mimi na wewe."

Kijana alikasirika sana siku ile. Ukweli ni kwamba hasira hiyo haijaisha, ila sasa haimlengi baba. Inalenga nchi yoyote inayomfanya mgonjwa asubiri foleni ya kibanio.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, mkewe akimsomea gazeti. Majaribio yalikuwa hayajakamilika.

Juzi, kwenye kikao cha familia, ilipendekezwa kwa nia njema kwamba karakana ifungwe, kwa kuwa mwenyewe ameondoka na waliobaki ni wazee. Mama aliwasikiliza wote. "Aliyechoka akalale, hakuna atakayemlaumu," akasema. "Mimi nimechoka pia. Jumatatu nitafungua." Mafundi wawili waliinuka kwenye viti vyao wakasema nao watakuwepo.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mtoto wa kiume mmoja ambaye ndiye msomaji wa wasifu huu, wajukuu wanne, dada wawili na kaka mmoja. Ameacha pia kifaa ambacho hakijaidhinishwa, na hatutasema kimekamilika eti kwa sababu tuko kaburini kwake. Wenye watoto wachanga wodini, muuguzi atakapowaomba ruhusa ya kukijaribu, tunawasihi mkubali. Ikija namba mbaya, itaandikwa.

Mzee wetu, umefanya kazi ya kutosha. Lala sasa, kwa amani.