Ridhiwani Pazi, Aliyewasha Pikipiki Akiwa Sudi

Na Emerensiana Valentini, karani wa masjala

Tarehe 30 Juni 2025 Bwana Ridhiwani Pazi, afisa mifugo wetu, anastaafu baada ya kutumika miaka thelathini na mitatu na mwezi mmoja. Siku hiyo atakabidhi funguo za stoo, koti jeupe na pikipiki. Funguo na koti tutavipokea kwa mikono miwili. Pikipiki tutaipokea kwa kuwa hatuna la kufanya.

Alizaliwa Sudi, akaajiriwa hapa Lindi Mei 1992, kijana mwembamba mwenye baiskeli. Baiskeli iliibwa na wembamba ukamtoka, ila kazi hakuiacha. Ng'ombe, mbuzi na mbwa wamepita mikononi mwake. Aliwahi kwenda Songo Songo kuchanja mbwa thelathini walioandikishwa, akawakuta wanne. Wengine, anasema mwenyewe, walishapata habari zake kabla boti haijafika.

Hata hivyo, kilichomjengea jina vijijini ni kuku. Kideri kikiingia hufagia mabanda kwa wiki moja, na kinga yake ni tone la chanjo kwenye jicho la kila kuku. Sasa kuku wa kienyeji akishatoka kutafuta riziki hakamatiki, kwa hiyo wenyewe huwafungia tangu jioni na kumsubiri mchanjaji asubuhi. Jua likipanda, huwafungulia. Aliyechelewa amechelewa.

Hapo ndipo inapoingia pikipiki. Ilifika ofisini mwaka 2011 ikiwa nyekundu, na upepo wa chumvi ukaibadilisha rangi na tabia. Kila asubuhi ilitaka kubembelezwa, na aliyejua kuibembeleza alikuwa mmoja tu. Bwana Ridhiwani alivua kofia, akaitundika kwenye kioo cha kushoto, akakohoa mara mbili, akailaza pikipiki ubavu, akaiinua, akapiga kiki. Ikawaka! Sisi tuliokuwa tukichungulia dirishani tuliamini kila hatua ni dawa. Witness, msaidizi wake, aliziandika zote kwenye daftari, kukohoa kukiwa namba tatu.

Sasa niseme habari za Machi mwaka juzi. Mwaka uliotangulia pikipiki ilikuwa imetugomea, tukafika Mchinga saa sita mchana, kuku wako vichakani. Wiki tatu baadaye kideri kikapita. Bi Sauda, mjane anayesomesha wajukuu kwa kufuga kuku, alibakiwa na jogoo mmoja. Alituambia waziwazi: "Wanangu, safari hii nitawafungia kuku tena. Msipotokea, msije mkanipigia hodi maisha." Na mtaa mzima humsikiliza yeye.

Siku ya chanjo ikafika, na Bwana Ridhiwani yuko Sudi kwenye arobaini ya shangazi yake. Witness aliingia ofisini saa kumi na moja na nusu alfajiri, kisanduku cha barafu begani. Akaazima kofia ya mlinzi, akaitundika kwenye kioo cha kushoto. Akakohoa mara mbili. Akailaza, akaiinua, akapiga kiki. Kimya. Akakohoa kwa nguvu zaidi. Ilipotimu saa kumi na mbili na nusu koo lilikuwa limemkauka, mguu unamuuma, na mlinzi anadai kofia yake.

Nikampigia simu Bwana Ridhiwani. Alijibu kwa kunong'ona, maana khitma ilikuwa imeanza. Nikamsimulia habari ya kofia na kukohoa. Kofia, akaeleza, huivua isishike oili, kwa sababu mkewe aliishona kwa miezi minne; na kikohozi ni vumbi la stoo. Chenye maana ni kuilaza tu, ili mafuta yafike kwenye kabureta. Kisha akamwongoza Witness polepole. Mafuta yamo? Yamo. Koki imefunguliwa? Imefunguliwa. Swichi nyekundu? Iko sawa. Toa plagi, itazame. Imelowa, na moto inatoa. Basi mafuta yapo na moto upo, akanong'ona, imebaki pumzi. Rudisha plagi, weka kiganja kwenye bomba la moshi, mtu apige kiki. Mlinzi akapiga. Haukutoka hata upepo wa kuzima kibiriti.

Siku mbili kabla niliona nyigu wa udongo wakilizunguka bomba lile, wanatafuta pa kujenga. Kwetu sisi kibuyu cha maji huzibwa kwa gunzi la mahindi, na mdudu haingii. Nikachukua gunzi, nikaligongelea kwa jiwe likazama ndani, likakaa barabara, nikaenda zangu nimeridhika kwamba nimetunza mali ya umma. Asubuhi ile sikusema neno. Witness alilichokoa kwa bisibisi, na pikipiki ikanguruma kwa kiki moja, hata kule Sudi, simu ikiwa bado hewani, nasikia mzee mmoja akauliza ni trekta la nani linaloingia kwenye khitma.

Witness alifika Mchinga kabla ya saa mbili. Bi Sauda alikuwa ameshashika mlango wa banda. Kuku wote wa mtaa ule walipata tone lao, na msimu huo kideri hakikumgusa hata kifaranga.

Bwana Ridhiwani aliporudi aliandika kwenye kitabu cha pikipiki: Bomba la moshi liliziba. Limezibuliwa. Hakuuliza ni nani. Wiki iliyopita nilimfuata nikakiri, naye akacheka. Alijua tangu siku ile, kwa kuwa anayekula mahindi ya kuchemsha mezani ofisi nzima ni mimi peke yangu. Aliyekosea kwa kutunza, alisema, hasemwi mbele za watu. Nililia, na sioni haya kuwaambia.

Jumatano iliyopita ilikuwa zamu ya Mchinga tena. Witness alianza na mafuta, akaja kwenye moto, akamalizia na pumzi, wala hakukohoa. Ikawaka kwa kiki ya pili. Bwana Ridhiwani alikuwa amekaa na chai yake; hakuinuka, ila kikombe hakikumfika mdomoni mpaka mlio ulipopotelea kona ya sokoni. Asubuhi yote alishika simu. Ilipolia saa tano aliidaka na kusema, "Angalia plagi!" Alikuwa mkewe, Bi Umi, anauliza apike nini mchana. Witness hakupiga.

Bwana Ridhiwani, ahsante kwa kuku, kwa subira, na kwa kunisitiri. Rudi Sudi ukapumzike kwa afya njema, riziki ya halali na asubuhi zisizo na kiki. Simu yako sasa unaweza kuizima.