Risala ya "Tuko Nyuma Yako" Kuhusu Ng'ombe Mweusi

Imesomwa Uriri, Jumapili alasiri, na katibu wa kikundi, Stanley Wangwe, mbele ya mgeni rasmi, Bi. Beverlyne Nyatichi

Mgeni rasmi, dada yetu Beverlyne Nyatichi, chifu wetu, wachungaji na katekista, wazazi wa Bev mlioketi hapo mbele, wenzetu mliovuka ziwa kutoka kisiwa cha Remba, wafanyabiashara wa soko la Uriri, mabibi na mabwana, hamjambo?

Karibu nyumbani

Kwanza utusamehe kwa kukuita mgeni. Huna ugeni wowote hapa. Tulibishana siku mbili tukuandike nani kwenye kadi, hadi mwenyekiti akasema risala isiyo na mgeni rasmi ni barua tu, na barua mtu huikunja akaiweka mfukoni. Sisi tunataka uyasikie haya ukiwa umeketi, na Uriri nzima iyasikie pamoja nawe.

Tumechagua Jumapili alasiri kwa sababu Jumamosi nusu yetu huwa kanisani, na Jumapili asubuhi nusu ile nyingine. Saa hizi hakuna mwenye kisingizio.

Ni miezi minane tangu ajali, na leo ndiyo mara ya kwanza unakanyaga Uriri. Uliposhuka garini na magongo yako mawili, sisi tulipiga makofi, na hatukupiga kwa huruma. Tulikuwa tunahesabu, kwa maana kukuhesabia mizunguko ndiyo kazi tuliyoizoea. Kutoka garini hadi kitini ni hatua arobaini na moja, na hukupumzika hata mara moja. Mwenyekiti ameandika muda. Anasema kwa sasa hiyo ndiyo rekodi, na wewe ndiye wa kuivunja.

Tunayo mengi ya kujivunia mbele yako, na moja la kuungama. Hilo moja linahusu ng'ombe mweusi, na linamhusu Mama Jedidah, yule aliyeketi safu ya pili na leso ya kijani. Tutalifikia. Tafadhali usiondoke kabla.

Tulikotoka

Wapo hapa wasiojua kikundi hiki kilianzaje, na wengine wanadhani tulianza siku ulipoonekana kwenye televisheni. Si kweli. Tulianza kwa sababu ya mbwa.

Miaka sita iliyopita ulikuwa ukipita sokoni kila asubuhi ukifanya mazoezi, na mbwa wa Uriri hawakuwa wamewahi kuona mtu mzima anakimbia bila kuiba kitu. Walikufukuza. Asubuhi moja Phelesia, mama anayeuza samaki wa omena, aliacha magunia yake, akachukua mwiko wa kupikia ugali na kukimbia nyuma yako akiwa na gamubuti, huku akipiga kelele, "Kimbia Bev! Kimbia nyarwa, binti yetu, tuko nyuma yako!" Hapo alikuwa peke yake, lakini alisema "tuko". Kesho yake tukawa wanne. Mwisho wa mwezi tulikuwa ishirini na kitu, na mbwa wakahamia upande wa kiwanda.

Jina tulilipata hivyo, na sheria yetu ya kwanza tukaipata hivyohivyo: hakuna mwanachama anayempita Bev. Haikuwa sheria ngumu. Hakuna aliyeweza.

Mafanikio

Mgeni rasmi, tunayo mafanikio mengi, na tutasema machache ili chai isipoe.

Mwenyekiti wetu, Bwana Onyancha, ambaye wengi mnamjua kwa kibanda chake cha kinyozi, alikupimia muda mwaka mzima kwa saa ya ukutani. Aliing'oa ukutani mwa kibanda akawa anaibeba kifuani kama mtoto, na wateja wakawa wanakaa kwenye viti bila kujua ni saa ngapi. Muda alioupima siku ulipoondoka kwenda kambini ulitofautiana na wa kocha wako kwa sekunde mbili. Hadi leo anasema kocha ndiye aliyekosea.

Barabara yako ya mazoezi, ile ya udongo inayoshuka mtoni, tuliiondolea mawe kwa mikono kila Jumatano. Hakuna aliyetutuma.

Ulipokimbia mita elfu kumi na kuchukua medali ya taifa, tulikuwa tumejaa kibandani kwa Phelesia mpaka ukuta ukapinda. Wenzetu wa Remba walizima injini za boti ili wasikie redio vizuri. Kwenye mzunguko wa mwisho mtangazaji alitamka jina lako vibaya, na watu wazima walimsahihisha kwa pamoja kana kwamba anawasikia. Kisha ukashinda, na hatukumbuki kilichofuata vizuri.

Na siku ya ajali yenyewe, tuseme hili pia, hatukukuacha. Tuling'oa mlango wa kibanda cha Phelesia tukakubeba juu yake. Watu thelathini na wanne walitoa damu, wakiwemo wawili wanaozimia wakiona sindano. Walizimia, wakaamka, wakatoa.

Tunajivuna. Hatuoni aibu kusema hivyo. Katika kaunti hii kuna vikundi vya wanasiasa, vya mpira na vya mazishi, lakini sisi tulijiunga kwa ajili ya msichana mmoja anayekimbia, na hakuna siku tuliyojuta.

Changamoto

Katika risala nyingi sehemu hii ndiyo huwa ndefu. Nasi tulikuwa tumeandika tano: hatuna ofisi, hatuna jezi za kutosha, saa ya kupimia ni ileile ya ukutani, uwanja una mashimo, na ile ya tano. Nne za kwanza tumezifuta, kwa sababu tuliona tunataka kujificha ndani yake.

Mgeni rasmi, siku uliporudi na medali tulikuja kukulaki Rongo. Pikipiki zaidi ya sitini, matawi kwenye usukani, honi njia nzima. Wewe ulisimama nyuma ya pikapu na bendera mabegani. Kila mmoja wetu alitaka picha yake mwenyewe, wewe ukionekana nyuma ya bega lake. Na kikundi ambacho kwa zaidi ya miaka mitano hakikukupita hata hatua moja, siku hiyo kilikupita.

Kwenye kona kabla ya kuingia sokoni, mwenye pikipiki mmoja aliyekuwa mbele ya pikapu aligeuka nyuma kukupiga picha, simu mkono mmoja, usukani mkono mmoja. Pikipiki ikayumba. Dereva wa pikapu akakwepa asimkanyage, gari likaingia mtaroni, nawe ukarushwa kwenye mawe. Mfupa wa paja ulivunjika mara mbili, na nyonga ikatoka mahali pake.

Haya hatukuelezi wewe. Ulikuwa umesimama juu, uliona kila kitu. Tunawaeleza wengine waliopo hapa, kwa sababu wao walielezwa habari nyingine.

Siku ya nne ukiwa hospitalini, mwandishi wa redio alikuuliza kilichotokea. Tulikuwa kibandani, tulikusikia kwa masikio yetu: "Mashabiki wangu wasilaumiwe. Kuna ng'ombe mweusi alivuka barabara, dereva akamkwepa." Dereva naye akasema hivyohivyo. Polisi wakaandika hivyohivyo. Nasi tuliokuwepo barabarani, zaidi ya watu mia moja, tulilia kwa jinsi ulivyotupenda hata ukiwa na maumivu yale, kisha tukanyamaza. Tulisema moyoni kwamba ng'ombe hana jina, hana kesi, hataumia.

Dada, ulikuwa umekaa kambini miaka miwili. Hukujua nani anafuga nini. Ulitaja tu ng'ombe, ukamtajia na rangi ili uaminike. Lakini pale konani kuna ng'ombe mweusi mmoja tu, naye ni wa Mama Jedidah.

Watu walianza kuacha maziwa yake taratibu. Hoteli ya kwanza ilisema inapata maziwa kwingine. Ya pili ikasema wateja wanauliza. Mwezi wa tatu soko zima lilikuwa likiyaita "maziwa ya ajali", na kuna waliosema ukiyanywa mfupa wako hautaunga. Tulisikia hayo yote tukiwa tumesimama palepale. Wengine wetu tulicheka.

Mwezi uliopita Phelesia alikwenda kwake kununua lita moja, kwa sababu roho ilikuwa inamsumbua. Mama Jedidah alimwangalia akamwambia, "Hata wewe umekuja kunicheka? Mimi huyo ng'ombe nilikuwa nimefunga kamba na mkono yangu. Lakini Bev amesema, na Bev hawezi danganya. Basi kamba ilifunguka. Mimi naomba Mungu kila siku anisamehe hiyo mguu ya huyo mtoto."

Phelesia alirudi na maziwa hayo akalia mbele ya kamati. Ndipo tukajua kwamba yule mama ameungama kosa letu kila siku kwa miezi saba.

Tukakaa kuandika risala hii. Mwenyekiti aliandika, "Ajali ilitokea." Phelesia akamjibu, "Onyancha, kinachotokea chenyewe ni mvua. Hii tulileta sisi." Tukapiga kura kwa kuinua mikono, na neno "sisi" likapita. Hakuna hata mmoja aliyeinua mkono tunyamaze.

Nilipewa karatasi hii niisome kama ilivyochapwa, na hapa imeandikwa "sisi". Naomba kamati inisamehe kidogo. Pikipiki ile ilikuwa yangu. Mkono ulioshika simu ni huu ulioshika karatasi. Picha yenyewe haikutoka. Inaonyesha mawingu na ncha ya bendera, na nimeihifadhi kwa sababu sijapata ujasiri wa kuifuta. Bev, nisamehe. Mama Jedidah, nisamehe. Nimepita mbele ya nyumba yako kila siku nikikupigia honi kukusalimia, nawe ukanipungia mkono. Kesho Jumatatu saa tatu asubuhi nakwenda kituo cha polisi kuandika maelezo mapya, na mwenyekiti amekubali kwenda nami. Lolote litakaloamuliwa juu ya leseni yangu, nitalipokea.

Sasa narudi kwenye karatasi. Mimi nina aibu, lakini kikundi hiki kilichonipa nafasi ya kusimama hapa kinanipa fahari, na ningependa iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu.

Maombi

Mgeni rasmi, hatukuombi ukimbie. Madaktari wamesema utatembea vizuri, na kuhusu mashindano hawakuahidi kitu. Hilo ni lako na mguu wako. Ukikimbia, tunajua mahali petu. Ukitembea hadi sokoni kununua sukari, mahali petu ni palepale. Ulichokwisha kukifanya kinatosha kutufanya tujivune mpaka uzeeni, na usikubali mtu yeyote akuambie umebaki na deni la medali.

Tunakuomba mambo mawili.

La kwanza, useme leo kwa kinywa chako kwamba hakukuwa na ng'ombe. Sisi tumeshasema, lakini tunawajua watu wa Uriri, na tunajijua. Watasema tumemhurumia mama wa watu. Neno lako ndilo lililomtia ng'ombe huyo barabarani, na ni neno lako tu linaloweza kumtoa. Tunajua unaambiwa hili mara ya kwanza, na tunaona uso wako. Hukufanya ubaya. Ulitukinga. Tunakuomba sana usitukinge tena.

La pili ni dogo. Kwenye meza ile pana chupa sita za chai. Maziwa yote yamekamuliwa asubuhi hii na Mama Jedidah, kutoka kwa ng'ombe huyohuyo mweusi, na tumelisema mapema ili asiwepo atakayedai alidanganywa. Tumeona baadhi ya watu wakianza kusogeza vikombe mbali. Hatuwalaumu, wanakupenda, wanadhani wanakutetea. Chupa ndogo yenye kifuniko cha bluu ni yako, haina majani ya chai, tunajua kanisa lako la Sabato haliruhusu chai nawe unalishika. Ni maziwa matupu na sukari. Hakuna atakayemiminiwa kabla yako.

Mwisho

Mungu aliyekuamsha kila alfajiri kabla ya jogoo wetu auunge mfupa wako uwe imara, awape wazazi wako usingizi, na ambariki Mama Jedidah na zizi lake. Sisi mashabiki wako wa Uriri, Migori na Remba tutabaki kuitwa jina moja, ukituruhusu: Tuko Nyuma Yako.

Risala yangu imeisha, mgeni rasmi. Mama Jedidah, tafadhali simama, chukua chupa yenye kifuniko cha bluu, umpelekee Bev kikombe chake.