Walinzi wa Ubongo wa Mama

SHAZA: Haloo? Ni nani?

JAMALUDIN: Ehem! Hapa ni Profesa Jamaludin, Mkurugenzi wa Ulinzi wa Ubongo, Pwani na vitongoji vyake. Ninayo heshima ya kuutangazia umma wa mtaa wa Mjambere—

SHAZA: Umma wa Mjambere unaosha masufuria. Simu ya shule ina foleni, sema unalotaka.

JAMALUDIN: Shikamoo, dada.

SHAZA: Marahaba.

JAMALUDIN: Mama ameanza kulala?

SHAZA: Wapi! Wiki ya tatu hii, hata lepe. Leo mahamri katia chumvi mahali pa sukari. Wateja wamerudisha yote. Kacheka, kisha kaingia chumbani kafunga mlango.

JAMALUDIN: Basi tulia, wiki hii tumefundishwa jambo. Ndani ya seli za ubongo mna protini walinzi. Dhiki ikija, protini nyingine huanza kujikunja ovyo. Walinzi huzishika, huzinyoosha, na zilizoharibika kabisa huzipeleka zikavunjwe. Kwa hiyo mama ana—

SHAZA: Haloo? Unakatika.

JAMALUDIN: Ana askari! Tusiogope.

SHAZA: Askari hao hushika zamu mpaka lini?

JAMALUDIN: Dhiki ya siku moja, mbili, wanaimudu. Hata huongezeka.

SHAZA: Na ya kila siku?

JAMALUDIN: Mwalimu kasema... huzidiwa.

SHAZA: Ahaa. Maana tangu naibu mkuu wenu apige simu, kwamba umeshikwa na kiberiti bwenini, mama si mama. Kesho alfajiri anakuja huko na imamu, wamwangukie mwalimu mkuu usifukuzwe.

JAMALUDIN: Kesho? Asije! Mwambie naibu mkuu, Mwalimu Kyalo, kasamehe.

SHAZA: Kyalo yupi? Yule Mkamba wa Kitui, shemasi wa kanisa?

JAMALUDIN: Huyo huyo.

SHAZA: Mama alipomtolea salamu kwenye simu, aliitikia mpaka "warahmatullahi wabarakatuh", bila kukwama. Mama akasema, mtu mwema huyu, katuheshimu. Mimi tangu siku ile nafikiri tu.

JAMALUDIN: [mtandao unakwaruza] Dada, dakika zinakwisha—

SHAZA: Aliyeitikia ni nani, Jamal?

JAMALUDIN: Ulimi uliniponyoka. Mama anitolee salamu, ninyamaze?

SHAZA: Ya Rabi!

JAMALUDIN: Wallahi nilidhani atanitambua pale pale, tucheke. Akaanza kulia. Nikakata.

SHAZA: Wiki tatu, Jamal!

JAMALUDIN: Kila Jumapili nilitaka kusema, nikaishia kuuliza mmepika nini.

SHAZA: Sasa utasema. Mama! Njoo, mwanao huyu.

JAMALUDIN: Dada, ngoja, kwanza wewe—

MAMA: Jamal? Umekula, mwanangu?

JAMALUDIN: Nimekula. Shikamoo. Mama, aliyekupigia si Mwalimu Kyalo.

MAMA: Sisikii vizuri. Si nani?

JAMALUDIN: Ni mimi! Hakuna kiberiti, hakuna kufukuzwa. Nilijifanya mimi.

MAMA: [kimya]

JAMALUDIN: Mama? Foleni nzima inanitazama hapa. Zimebaki sekunde chache. Nitukane tu. Mama, sema chocho— [simu inakatika]